Dole Gumba Jekundu na Daktari Aliyelitilia Shaka

Januari 2020, siku chache kabla ya laini za simu ambazo hazijasajiliwa kwa alama za vidole kuanza kuzimwa nchini Tanzania, nilimpeleka bibi yangu mjini Mwanza ili naye asajili laini yake. Kijana mwenye kimashine alimwamkia vizuri, akamshika mkono kwa upole, akaanza na dole gumba la kulia, kisha la kushoto, kisha kidole kimoja baada ya kingine, akivifuta kila mara kwa kitambaa. Mashine ilikataa vyote kumi. “Bibi, vidole vyako havisomi,” alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayetoa habari ya msiba. Bibi, aliyepara samaki na kushika jembe kwa zaidi ya miaka sitini, alivitazama viganja vyake kwa muda mrefu, kisha akamuuliza: “Havisomi namna gani, mjukuu wangu, nao ni vyangu?”

Swali hilo lilinikuta nikiwa katikati ya riwaya ya Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1907, ambayo nilikuwa nikiisoma usiku kwenye simu kwa kuwa haki zake zimekwisha muda na mtu yeyote anaweza kuipata bure. Inaitwa The Red Thumb Mark, yaani alama nyekundu ya dole gumba, na mwandishi wake ni R. Austin Freeman, daktari wa London. Ndiyo riwaya ya kwanza ya mpelelezi wake, Dk. John Thorndyke, daktari aliyesomea pia uwakili, mwenye makazi na maabara katika nyumba namba 5A, King’s Bench Walk, kwenye mtaa wa mawakili uitwao Inner Temple. Tangu wakati ule nimesoma karibu kila kisa cha Thorndyke nilichoweza kukipata, na ningependa kueleza kwa nini naona kwamba mpelelezi huyu anastahili wasomaji wengi zaidi kuliko alio nao leo.

Kisa chenyewe ni hiki. Mfanyabiashara mmoja anafungua sefu yake asubuhi na kukuta almasi alizokabidhiwa zimetoweka. Ndani ya sefu mna kikaratasi chenye matone ya damu na alama ya dole gumba iliyo wazi kabisa. Polisi wa Scotland Yard wanailinganisha na dole gumba la mpwa wake, Reuben Hornby, na kuona kwamba mistari yote inakubaliana. Kwao kesi imekwisha. Hata wakili wa kijana huyo anamshauri akiri kosa na kuomba huruma ya mahakama, kwa sababu nani atabishana na kidole?

Ili mtu aelewe ujasiri wa riwaya hii, hana budi kukumbuka jinsi ushahidi wa vidole ulivyokuwa mpya na ulivyokuwa umeteka imani za watu. Mwaka 1858 afisa wa Kiingereza huko Bengal, William Herschel, alimtaka mkandarasi mmoja aweke alama ya kiganja kwenye mkataba wa vifaa vya barabara, na kwa miaka mingi iliyofuata akaendelea kukusanya alama za vidole vya watu. Henry Faulds, daktari wa Kiskoti aliyekuwa akifanya kazi Tokyo, aliandika mwaka 1880 katika jarida la Nature kwamba alama hizo zingeweza kuwatambulisha wahalifu. Mwanasayansi wa Kiingereza Francis Galton akatoa kitabu chake juu ya alama hizo mwaka 1892. Lakini alama elfu hamsini zilizorundikwa kabatini hazina faida kama hakuna njia ya kuipata ile moja unayoitafuta, na njia hiyo ilibuniwa Calcutta, ambako Azizul Haque na Hem Chandra Bose, wakiwa chini ya mkuu wao wa polisi, Edward Henry, waligawa alama kwa maumbo yake katika mafungu 1,024. Utaratibu huo ulipewa jina la Henry peke yake, naye akarudi nao London, ambako ofisi ya alama za vidole ya Scotland Yard ilifunguliwa mwaka 1901. Majina ya Haque na Bose yanastahili kutajwa kila mara habari hii inapoelezwa, nami nimeyataja.

Miaka minne baadaye ilikuja kesi iliyowatia Waingereza imani kamili. Tarehe 27 Machi 1905 mzee mmoja muuza rangi na mkewe walishambuliwa katika duka lao la Deptford, wakafa wote wawili, na kwenye kisanduku cha fedha ikaonekana alama ya dole gumba. Ndugu wawili, Alfred na Albert Stratton, walihukumiwa na kunyongwa mwezi Mei mwaka huohuo. Jambo ambalo husahaulika ni kwamba Faulds, yuleyule aliyeandika kutoka Tokyo, alikuwa upande wa utetezi, kwa kuwa hakuamini kwamba kidole kimoja kilitosha kumnyonga mtu. Freeman alitoa riwaya yake miaka miwili tu baada ya kitanzi hicho, wakati magazeti yalipokuwa yakiisifu alama ya kidole kuwa shahidi asiyeweza kusema uongo.

Katika hali hiyo, Thorndyke anashika kile kikaratasi chekundu na kuanza kukiuliza maswali. Halikatai dole gumba, na hasemi kwamba mistari hailingani. Anachosema ni kwamba alama ni tukio kama tukio lingine lolote: imefika hapo kwa njia fulani, na mtaalamu anayeishia kulinganisha mistari hajaeleza njia hiyo. Uchunguzi wake unampeleka kwenye kijitabu cha michezo ya sebuleni ambamo familia na marafiki walikusanya alama za madole gumba yao kwa burudani. Katika alama ya Reuben iliyomo humo mna pengo dogo jeupe lenye umbo la herufi S, lililotokana na hitilafu ya karatasi. Pengo hilohilo limo katika alama ya damu iliyokutwa ndani ya sefu. Kidole hakiwezi kubeba kasoro ya karatasi ya kijitabu. Kwa hiyo alama ya sefuni haikuachwa na kidole. Iligongwa kwa muhuri wa jelatini uliotengenezwa kutokana na picha ya ile iliyomo kijitabuni. Mahakamani Thorndyke anamkabidhi mtaalamu wa polisi karatasi yenye alama ishirini, za kweli zikiwa zimechanganywa na za kughushi ambazo msaidizi wake amezitengeneza maabara, na kumwomba azitenganishe. Mtaalamu anazitenganisha bila wasiwasi wowote, naye anakosea.

Niliposoma ukurasa ule nilimkumbuka bibi na yule kijana wa kimashine. Bibi alikuwa na vidole ambavyo mashine haikuviona. Reuben alikuwa na kidole ambacho wataalamu walikiona mahali ambapo hakijafika. Katika mambo yote mawili kosa ni lilelile, la kukichukulia kifaa kana kwamba ndicho kweli yenyewe.

Haki inanitaka niseme kwamba Freeman hakuwa wa kwanza kuandika juu ya dole gumba la kughushi. Mwaka 1903 Arthur Conan Doyle, daktari pia, alikuwa amechapisha kisa ambamo adui anamwekea kijana alama ya damu ukutani kwa kutumia nta ya muhuri. Mpelelezi wake, Sherlock Holmes, anatambua hila kwa sababu alikuwa amekagua ukuta ule siku iliyotangulia na alama haikuwepo. Ni jibu zuri, lakini linategemea bahati ya kuwahi kukagua. Thorndyke anaipata hila ndani ya alama yenyewe, kisha anaionyesha mbele ya jaji kwa jaribio ambalo yeyote anaweza kulirudia. Hapo ndipo ninapoona tofauti ya mtu mwenye akili kali na mwanasayansi. Holmes hutushangaza, na tunabaki tukimstaajabia. Thorndyke hutufundisha, na tunabaki na kitu tunachoweza kukitumia bila yeye.

Freeman aliyapata haya kutokana na maisha yake. Alizaliwa London mwaka 1862, mtoto wa fundi cherehani, akasomea udaktari katika hospitali ya Middlesex, na mwaka 1887 akapelekwa Accra, Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, kuwa daktari msaidizi wa serikali ya kikoloni. Alifuatana na msafara uliopita Kumasi hadi nchi ya Jaman, akichora ramani na kupima nyota njiani, na mwaka 1898 akatoa kitabu kikubwa juu ya safari hiyo. Lakini homa iligeuza mkojo wake kuwa mweusi, ugonjwa uliowaua wageni wengi wa pwani ile, na mwaka 1891 alirudi kwao akiwa na afya iliyovunjika na bila kazi ya kudumu. Alishika kazi za muda hapa na pale, ikiwemo ya tabibu katika gereza la Holloway, na alipoona kwamba mwili wake hauwezi tena shughuli za kila siku za udaktari, akageukia kalamu. Mfano wa Thorndyke, kama alivyoeleza mwenyewe, ulikuwa Alfred Swaine Taylor, daktari wa karne ya 19 ambaye vitabu vyake juu ya sumu na sheria vilisomwa na kila mwanafunzi wa udaktari wa Uingereza.

Kila jaribio lililomo katika visa vyake Freeman alilifanya mwenyewe nyumbani kabla ya kuliandika. Baadhi ya visa vya kwanza, vilivyotoka katika jarida la Pearson’s mwaka 1908 na 1909, viliambatana na picha alizopiga kupitia hadubini: vumbi, nywele, chembe za mchanga. Msomaji aliwekewa mbele kielelezo kilekile ambacho Thorndyke alikitazama. Kwa maoni yangu, hakuna heshima kubwa zaidi ambayo mwandishi wa hadithi za upelelezi amewahi kumpa msomaji wake.

Na kuna kile kisanduku. Thorndyke hasafiri bila kisanduku kidogo kilichofunikwa kwa turubai la kijani, kisichozidi futi moja upande, chenye hadubini ndogo, chupa za kemikali, koleo, taa na kila kifaa cha maabara kwa kipimo cha mwanasesere. Hans Gross, hakimu mpelelezi wa Austria, alikwisha kuwashauri mahakimu wenzake katika kitabu chake cha mwaka 1893 wawe na mkoba wa namna hiyo. Hata hivyo, hali halisi ya polisi wengi ilikuwa ya kusikitisha. Edmond Locard, mtaalamu Mfaransa wa sayansi ya upelelezi, alipewa vyumba viwili tu darini mwa jengo la mahakama la Lyon mwaka 1910 ili aanzishe maabara yake, na polisi wa London hawakuwa na maabara yao hadi mwaka 1935. Ni miaka 28 tangu Thorndyke atokee! Waingereza walikuwa wamesoma juu ya maabara ya upelelezi kwa zaidi ya robo karne kabla polisi wao hawajajengewa moja.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni The Case of Oscar Brodski, kilichoingia katika mkusanyo wa mwaka 1912 uitwao The Singing Bone. Ndani yake Freeman alifanya jambo ambalo, nijuavyo, halikuwa limefanywa hivyo kabla yake: alianza na mhalifu. Katika sehemu ya kwanza tunamwona Silas Hickler, mwizi mwenye tabia ya upole anayeishi peke yake karibu na reli, akimkaribisha ndani mpita njia aliyekuja kuuliza habari za treni. Anatambua kwamba mgeni ni mfanyabiashara wa almasi. Tunamwona akipambana na tamaa yake, akishindwa, akiua, kisha akibeba maiti gizani na kuilaza relini ili treni ifute kila kitu. Tunajua nani, tunajua wapi, tunajua kwa nini. Kisha inaanza sehemu ya pili, nasi tunajiuliza swali tofauti kabisa: mtu ambaye hakuyaona haya atayajuaje?

Thorndyke, ambaye alikuwa safarini kwa treni na kusimama katika stesheni hiyo kwa bahati tu, anaomba aonyeshwe maiti. Katikati ya meno anapata nyuzi chache za rangi, na hadubini inamwambia ni za kitambaa kizito, kama vile kitambaa cha meza. Anaomba aokotewe vipande vya miwani iliyovunjika relini, na katika kuvipanga anagundua kwamba baadhi si vya miwani hata kidogo. Ni vya bilauri yenye vinyota vilivyochongwa. Hickler alikuwa amefagia vioo sakafuni kwa haraka na kuvipeleka vyote relini. Na kofia ya marehemu haipo. Tulimwona Hickler akiisahau, akirudi na kuikuta, akiichoma, nasi tulihema pamoja naye akidhani amekwisha kuokoka. Sasa tunatazama majivu yale yale yakichambuliwa, na moyo unadunda ingawa hakuna siri iliyobaki.

Nimekisoma kisa hiki mara nne. Kila mara ninashangazwa na jinsi kinavyotenganisha vitu viwili ambavyo sisi huvichanganya kila siku mitaani: kujua na kuthibitisha. Katika kijiji chochote mwizi hujulikana, na mara nyingi anayejulikana hupigwa kabla hajaulizwa. Freeman anatupa ujuzi wote ukurasa wa kwanza, kisha anasema: haya, mnajua, sasa thibitisheni.

Alikuwepo mwenzake upande wa pili wa Atlantiki. Desemba 1910 jarida la Cosmopolitan la Marekani lilianza kuchapisha visa vya Profesa Craig Kennedy, mkemia aliyebuniwa na Arthur B. Reeve, naye kwa miaka kadhaa alipata umaarufu ambao Thorndyke hakuupata kamwe. Aliingia hata katika filamu za mfululizo za mwaka 1914. Kennedy huja na mashine: ya kunasa mtetemo wa nyayo, ya kusikiliza chumba cha jirani, ya kupima hofu ya mtu kwa mapigo ya damu. Baadhi ya mawazo yake yanapendeza, kama lile la risasi iliyobeba chapa ya mfumo wa kitambaa ilichopenya. Lakini mashine ya Kennedy ikisema, mjadala umefungwa, na ndiyo sababu visa vyake vimezeeka haraka. Visa vinavyoabudu kifaa huzeeka pamoja na kifaa hicho.

Msomaji wa Kiswahili hatajiona mgeni katika ulimwengu huu. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, mpelelezi wa Unguja mwenye kiko chake na rafiki yake Najum, ni ndugu wa wapelelezi hawa wa fikra, ingawa amefuata zaidi njia ya Holmes. Chombo chake kikubwa ni mantiki dhidi ya hofu ya mizimu, na sijui kama maabara ingemwongezea chochote.

Kuna upande wa Freeman ambao sitaki kuuficha. Mwaka 1921 alichapisha kitabu cha kutetea elimu ya kuboresha vizazi vya wanadamu kwa kuchagua nani azae, fikra ambazo jina lake katika Kiingereza lilibuniwa na Galton yuleyule wa alama za vidole, na maneno yake juu ya Wayahudi katika baadhi ya vitabu ni ya kuchukiza. Mtu aliyemtaka mtaalamu wa polisi athibitishe kila mstari wa kidole alikubali mambo makubwa kuhusu jamii nzima za watu bila uthibitisho wowote. Hilo linanihuzunisha hasa kwa sababu ya mahali zilikotumiwa alama za vidole zaidi. Mwaka uleule wa 1907, huko Transvaal, serikali ilipitisha sheria ya kuwaandikisha Waasia kwa alama za vidole, na Gandhi akaongoza upinzani dhidi yake. Kenya, sheria ya mwaka 1915 ilianza kutekelezwa vita vilipokwisha, na kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 akatakiwa kubeba kipande chenye alama za vidole vyake, kikiwa ndani ya kikopo cha chuma kilichoning’inizwa shingoni. Harry Thuku, mwanaharakati wa Kenya aliyepinga ukoloni, alipokamatwa Machi 1922, kipande kilikuwa miongoni mwa mambo aliyoyapinga. London alama ya kidole ilimtafuta mwenye hatia. Nairobi ilichukuliwa kwa mtu ambaye kosa lake lilikuwa kutafuta kazi.

Wala hoja ya Thorndyke haijapitwa na wakati. Baada ya mabomu ya treni mjini Madrid, Machi 2004, polisi wa upelelezi wa Marekani walitangaza kwamba alama iliyopatikana kwenye mfuko wa vilipuzi ilikuwa ya wakili mmoja wa jimbo la Oregon. Alishikiliwa kwa wiki mbili, hadi polisi wa Hispania walipompata mwenye kidole hicho, mtu mwingine kabisa. Wataalamu walikuwa wamelinganisha mistari kwa makini, na wote walikuwa na uhakika, kama yule mtaalamu wa mwaka 1907 na karatasi yake ya alama ishirini.

Freeman aliendelea kuandika hadi uzeeni, katika mji wa Gravesend kando ya mto Thames, ambako alifariki mwaka 1943. Katika riwaya moja ya mwisho, ya mwaka 1940, alimpa nafasi ya kusimulia mtu ambaye kwa miaka zaidi ya thelathini alikuwa akifungua milango, kupiga picha na kusafisha hadubini nyuma ya mgongo wa Thorndyke: Nathaniel Polton, msaidizi wa maabara, yule aliyetengeneza mihuri ya jelatini ya kesi ya kwanza. Polton anasimulia utoto wake wa umaskini, jinsi alivyojifunza ufundi wa saa, jinsi alivyotembea London akiwa na njaa, hadi alipolazwa hospitali na daktari kijana akaona kwamba mgonjwa huyu dhaifu ana mikono ya fundi.

Sehemu ile nilimsomea bibi, nikiitafsiri kadiri nilivyoweza, tulipokuwa tumekaa barazani jioni. Laini ilikuwa imekwisha sajiliwa kwa kidole changu. Aliniomba nirudie mahali ambapo daktari anaitazama mikono ya Polton, nami nikarudia.